Kupima bakteria za kuzuia kuoza kwa mizizi ya ngano: mwongozo kwa mwenye anaanzia Nairobi

Huu mwongozo ni wako kama wewe ni mwanafunzi wa kilimo ama bayolojia, fundi wa maabara, ama uko na kampuni ndogo ya kutengeneza dawa za kibayolojia, na umesikia kuna bakteria za udongoni zenye zinalinda mizizi na sasa unataka kujua kama zako zinafanya kazi kweli. Nitaongea sana kuhusu ngano na Fusarium, kuvu yenye inaozesha mizizi, juu ndio nimezoea, lakini hatua ni zile zile ukiwa na shayiri ama mahindi, na ugonjwa ukiwa Rhizoctonia, Pythium ama Bipolaris.

Kabla hujagusa hata sahani moja ya petri shika hili: mwenye anaamua ni mzizi. Kazi nyingi sana hapa mjini zinaisha kwa petri, mtu anaona bakteria imefukuza kuvu, anapiga picha, anaandika tasnifu, na hiyo bakteria haijawahi kukutana na mmea hata siku moja. Inaniuma kuona hivyo juu bakteria nzuri zinatupwa kwa hiyo njia na zile mbaya zinasifiwa. Kwa hivyo nimepanga hatua ili ufike kwa mmea mapema iwezekanavyo.

Jua ugonjwa wako kwanza

Chimba mimea yenye imedumaa, chimba pana, na uoshe mizizi polepole ndani ya ndoo badala ya kuweka chini ya bomba lenye nguvu, kwa sababu mizizi myembamba ndio inaoza kwanza na ndio inakatika kwanza. Angalia kwa makini. Fusarium mara nyingi inaacha rangi ya kahawia kwa mizizi na sehemu ya chini ya shina. Rhizoctonia inakata mzizi ukabaki kisiki chembamba cha kahawia. Pythium inafanya mzizi uwe laini, ukivuta gamba la nje linatoka na katikati kunabaki uzi. Gaeumannomyces, ule ugonjwa mkubwa wa ngano kwa nchi za baridi, unafanya mizizi iwe nyeusi ti na baadaye masuke yanakuwa meupe na hayana punje.

Kata vipande vya mzizi vya nusu sentimita pale mpaka kati ya pabaya na pazuri, si katikati ya uozo, kwa sababu katikati utapata tu wale wanaokuja kula kilichokufa. Dumbukiza kwa dawa ya kublichi iliyozimuliwa mpaka asilimia 1 kwa dakika moja hivi, suuza mara tatu kwa maji safi yaliyochemshwa kwa presha, kausha kwa karatasi safi, weka kwa aga ya viazi (aga ni ile jeli ya kukuzia vijidudu) yenye antibiotiki kidogo. Ukishapata kuvu iliyo peke yake, irudishe kwa ngano yenye afya, uone dalili zile zile, na uitoe tena. Watu wanaruka hii hatua halafu wanapigana miezi mingi na kuvu yenye haina madhara kwa mmea.

Mahali pa kutafuta bakteria

Usichukue udongo popote. Ukiwa shambani Narok, Njoro ama Timau, tafuta ule mmea wenye uko kijani na mzito katikati ya kiraka cha wagonjwa. Huo ndio wa kuchimba. Tena uliza mwenye shamba wapi amepanda ngano juu ya ngano miaka mingi bila kubadilisha. Kwa mazao mengi hiyo ni tabia mbaya, lakini kwa Gaeumannomyces imejulikana zamani ya kwamba ukipanda ngano mfululizo ugonjwa unapanda, unafika kilele, halafu unashuka wenyewe na kubaki chini. Watafiti wa kule Pullman, jimbo la Washington Marekani, walifuatilia udongo wa namna hiyo na wakakuta bakteria za Pseudomonas zenye zinatengeneza antibiotiki zimejaa kwa mizizi. Yaani udongo wenyewe ulikuwa umejijengea walinzi.

Weka mzizi pamoja na udongo ulioushikilia kwa karatasi ya nailoni, ifungwe lakini isibanwe, ndani ya boksi lenye barafu. Usitupe mfuko kwa buti ya matatu kwenye jua kutoka Narok mpaka Nairobi, ukifika bakteria zenye zitakuwa zimebaki ni zile zinazopenda joto. Kama umefika usiku, weka friji nyuzi 4 na uanze kesho asubuhi.

Presha ya Nairobi si ya Mombasa

Hili ni jambo dogo lakini linaharibia watu kazi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Ukitumia sufuria ya presha ya kawaida kama mtambo wa kuua vijidudu, ile paundi 15 unaona kwa kitabu inakupa nyuzi 121 ukiwa pwani, hapa inakupa karibu 118. Zile mbegu ngumu (spora) za bakteria za Bacillus zinaweza kupona hapo. Kama mtambo wako unasoma joto lenyewe, weka 121 na usahau mambo ya presha. Kama ni sufuria, usilazimishe vali kupita uwezo wake, ongeza tu muda, badala ya dakika 15 enda 30, na midia, yaani chakula cha kukuzia bakteria, ikiwa nyingi kwa chupa moja enda zaidi. Halafu kila mara weka sahani moja tupu kwa inkubeta siku mbili bila kupanda kitu. Ikiota kitu, rudia yote.

Kutoa bakteria kwa mzizi

Kung'uta udongo ulio huru. Pima gramu 1 ya mzizi pamoja na ule udongo ulioganda, weka ndani ya mililita 9 za maji ya chumvi (gramu 8.5 kwa lita, yamechemshwa kwa presha), tikisa nusu saa. Kutoka hapo chukua mililita 1 weka kwa mililita 9 nyingine, endelea hivyo mpaka chupa ya sita, ile yenye mzizi ikiwa ya kwanza. Panda mililita 0.1 kutoka chupa ya nne, ya tano na ya sita.

Kwa Pseudomonas tumia aga ya King B: kwa lita moja peptoni gramu 20, gliserini mililita 10, fosfeti ya potasiamu gramu 1.5, salfeti ya magnesiamu gramu 1.5, aga gramu 15. Baada ya siku moja ama mbili kwa nyuzi 28 zima taa za chumba uangalie kwa taa ya zambarau (UV). Kama maabara yenu haina, ile taa ndogo ya kukagua noti bandia kwa duka la M-Pesa inatosha kabisa, usiangalie tu hiyo taa moja kwa moja kwa macho. Koloni za Pseudomonas wengi wa kundi hili zitang'aa kijani-manjano, na hiyo rangi ni kemikali ya kunyang'anya chuma, yaani madini ya chuma, ili kuvu ikose.

Kwa Bacillus, chukua ile chupa ya kwanza uitie kwa maji ya nyuzi 80 dakika 10, ndio upande kwa aga ya kawaida. Karibu kila kitu kitakufa isipokuwa wenye kutengeneza mbegu ngumu.

Hesabu ni rahisi. Tuseme umepata koloni 42 kwa sahani ya chupa ya tano na ulipanda mililita 0.1, hiyo ni bakteria milioni 42 kwa gramu. Chagua koloni tofauti tofauti kwa rangi, umbo na mng'ao, usichague ishirini zenye zinafanana, zisafishe mara mbili ama tatu, na uhifadhi kila moja kwa gliserini asilimia 20 kwa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Weka nakala kwa friza nyingine, jengo lingine kama inawezekana, stima ikipotea wikendi na jenereta ikatae huna la kufanya.

Usalama, na hapa usiharakishe

Wengi wanafanya hii mwisho ama hawafanyi kabisa. Mimi nasema ifanye kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mizizi ni nyumba ya bakteria zenye pia zinaumiza watu. Pseudomonas aeruginosa inazuia kuvu vizuri sana kwa petri, na ni ile ile inaua wagonjwa walioungua hospitalini. Burkholderia za kundi la cepacia hivyo hivyo. Bacillus cereus inatia sumu kwa chakula. Sasa fikiria mkulima anapaka hiyo kitu kwa mbegu kwa mikono mitupu, mtoto wake akiwa hapo kando.

Panda kila moja kwa nyuzi 42. Yenye inamea vizuri hapo na inatoa rangi ya kijani-bluu na harufu tamu ya zabibu, iache. Pseudomonas fluorescens na jamaa zake wa karibu hawamei nyuzi 42. Panda pia kwa aga ya damu. Bacillus yenye inayeyusha damu pana kuzunguka koloni ishuku mpaka ujue jina lake, ingawa baadhi ya wale salama pia wanayeyusha, kwa hivyo hii peke yake haimalizi kesi. Ukibaki na wachache wazuri peleka jeni ya 16S, ile ya kutambua bakteria, isomwe. Lakini ujue 16S haitenganishi vizuri Bacillus subtilis na Bacillus velezensis na ndugu zao, na kundi la cereus ndio usiseme, hapo ongeza jeni ya gyrB. Usiandike jina la spishi kwa ripoti kwa kuangalia umbo la koloni tu.

Petri, kwa ufupi

Weka kipande cha kuvu cha milimita 5 katikati ya sahani ya aga ya viazi, bakteria sentimita 2.5 kando, na sahani nyingine ya kuvu peke yake. Kuvu ya peke yake ikifika ukingoni pima kuvu imekua umbali gani kwa sahani zote mbili, ile yenye bakteria upime upande wa bakteria, toa ile ndogo kwa ile kubwa, gawanya kwa ile kubwa, zidisha kwa 100, hiyo ndio asilimia kuvu imezuiwa. Basi.

Sasa usitupe wale wenye hawakuonyesha pengo kati yao na kuvu! Aga ya viazi ni chakula kingi, mzizi ni njaa. Bakteria inaweza kutengeneza antibiotiki kwa aga na isitengeneze kwa mzizi, na nyingine isionyeshe kitu kwa aga lakini kwa mzizi inanyang'anya kuvu chakula na chuma, ama inaamsha mmea ujilinde. Chukua wale bora wa petri, halafu ongeza wengine kadhaa wenye walikuwa hawana pengo lolote lakini wanamea haraka kwa mzizi, wote waende kwa mikebe ya kupandia.

Majaribio ya mikebe: hapa ndio kazi iko

Mbegu. Ile ngano ya agroveti yenye rangi ya waridi ama kijani imepakwa dawa ya kuvu, na ukiitumia dawa ndio itakuwa inafanya kazi na wewe unasifu bakteria. Kuosha haitoshi. Tafuta mbegu yenye haijapakwa, uliza KALRO Njoro (kituo cha utafiti wa kilimo) ama mkulima mwenye anajihifadhia mbegu. Iweke kwa spiriti ya asilimia 70 dakika moja, kublichi ya asilimia 1 mpaka 2 dakika tatu, suuza mara tano. Soma lebo ya kublichi ujue ina asilimia ngapi kabla ya kuzimua.

Ugonjwa. Nunua wimbi ama mtama Nyamakima, loweka usiku mmoja, mwaga maji, chemsha kwa presha mara mbili siku mbili tofauti, tia vipande vya kuvu, acha wiki mbili ama tatu ukitikisa chupa kila baada ya siku chache ili isigande. Kausha kivulini. Anza na gramu 10 kwa kila kilo ya udongo, lakini kwanza fanya jaribio dogo la viwango tofauti bila bakteria. Unatafuta kiwango chenye kinaugonjesha mimea bila kuiua yote. Ukizidisha hakuna bakteria duniani itaokoa, ukipunguza kila kitu kitaonekana kizuri.

Udongo. Huu wetu mwekundu wa Kabete una manganizi nyingi, na ukiuchemsha kwa presha ile manganizi inafunguka na inaweza kuunguza miche. Utaona majani yana madoa na utadhani ni ugonjwa. Changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mto uliooshwa, na baada ya kuchemsha uache wiki moja ama mbili kabla ya kupanda. Halafu, na hii ni muhimu, wale washindi wako uwarudie tena kwa udongo ambao haujachemshwa, kwa sababu shambani hakuna mtu atachemsha udongo na bakteria yako itakutana na mamilioni ya wenyeji.

Bakteria. Ikuze siku moja kwa mchuzi, izungushe kwa sentrifyuji, mwaga ule mchuzi, osha kwa maji ya chumvi, ndio usibebe antibiotiki iliyotengenezwa kwa chupa ukadhani imetengenezwa kwa mzizi. Pima ifike milioni 100 kwa mililita, na uthibitishe kwa kupanda na kuhesabu, usiamini mashine ya mwanga peke yake. Changanya na gundi ya selulosi asilimia 1, paka mbegu, kausha chini ya feni safi. Usizimue na maji ya bomba moja kwa moja, yana klorini.

Vikundi unavyohitaji: mimea bila ugonjwa na bila bakteria, ugonjwa peke yake, bakteria peke yake, juu kuna bakteria zenye zinadumaza mmea na lazima ujue, ugonjwa pamoja na bakteria, ugonjwa pamoja na bakteria zilizouawa kwa joto, na ugonjwa pamoja na mbegu iliyopakwa dawa ya kawaida ya dukani ili ulinganishe na chenye mkulima tayari anacho. Mbegu zote ambazo hazina bakteria zipakwe gundi pia.

Kila kikundi kiwe na mikebe sita ama zaidi. Na tafadhali, mkebe mmoja wenye miche mitano ni kipimo kimoja, si tano. Hiyo miche inakunywa maji yale yale na kuugua kwa udongo ule ule, kwa hivyo chukua wastani wa mkebe ndio uingize kwa hesabu. Hii nimeona ikigeuza matokeo yenye hayana kitu yakaonekana makubwa. Piga kura mkebe uende wapi, na uihamishe hamishe kila wiki, kwa sababu kona ya grinhausi yenye jua la mchana na ile ya karibu na mlango ni kama nchi mbili. Angalia pia mwezi. Julai Nairobi baridi inampendelea Pythium, na jua la Januari na Februari linampendelea Fusarium, kwa hivyo andika joto la udongo kila siku asubuhi na mchana.

Baada ya wiki tatu ama nne toa mimea, osha kwa ndoo, tandaza mizizi kwa trei nyeupe yenye maji kidogo. Hapo utaona kitu petri haiwezi kukuonyesha: mzizi mmoja mweupe wenye nywele zake zote na doa moja la kahawia lililosimama, halikuendelea, na kando yake mzizi wa kikundi cha ugonjwa umekauka kutoka ncha mpaka kwa mbegu. Piga alama 0 mpaka 5, 0 ikiwa safi na 5 ikiwa imekufa. Mwenye kupiga alama asijue mkebe ni wa kikundi gani, mwambie mwenzako afunike lebo na kuandika namba tu. Kisha kausha mizizi na majani kando kando kwa oveni nyuzi 70 siku mbili, upime uzito. Rudia jaribio lote angalau mara moja zaidi kutoka mwanzo. Hesabu zifanye kwa programu ya R, ni ya bure.

Je, bakteria bado iko hapo?

Mmea ukipona lazima uulize ni nani aliuponya. Pata aina ya bakteria yako yenye inavumilia antibiotiki ya rifampisini, kwa kuipanda nyingi sana kwa aga yenye mikrogramu 100 kwa mililita na kuchukua ile moja moja inayojitokeza, hakikisha inakua kwa kasi sawa na mama yake, ndio uitumie kupaka mbegu. Siku ya 14 saga mizizi, zimua, panda kwa rifampisini, hesabu. Kwa zile Pseudomonas za Pullman dhidi ya Gaeumannomyces, kinga ilihitaji bakteria kama 100,000 kwa kila gramu ya mzizi, chini ya hapo ugonjwa ulipita. Yako ikiwa 500, basi tatizo lako ni bakteria kushindwa kuishi kwa mzizi, na hata upake mara ngapi utakuwa unajisumbua.

Na kama unataka kusema antibiotiki fulani ndio inafanya kazi, mfano mzuri ni wa Linda Thomashow na David Weller, watafiti wa Pullman, mwaka 1988. Walichukua Pseudomonas fluorescens 2-79, wakaharibu uwezo wake wa kutengeneza antibiotiki ya fenazini, na ile iliyoharibiwa ikapunguza ugonjwa wa ngano kidogo kuliko ile nzima, wakairudishia jeni na nguvu ikarudi. Miaka miwili baadaye kikundi chao kikaonyesha fenazini yenyewe iko pale kwa mizizi ya ngano. Huo ndio ushahidi.

Kutoka mkebe kwenda shamba

Pima kwanza kama bakteria inakaa hai kwa mbegu iliyopakwa, hesabu siku ya kwanza, ya 30 na ya 60 kwa joto la kawaida la stoo. Pseudomonas nyingi zitakuwa zimekufa, Bacillus itakuwa bado iko kwa sababu ya ile spora yake ngumu, na ndio maana bidhaa nyingi za dukani ni Bacillus hata kama si yeye alikuwa bora kwa mkebe.

Vibali anza kuvitafuta mapema, vinachukua muda kuliko bakteria. Utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Bakteria ikitoka nje ya nchi pitia KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kabla haijaingia. Na chochote chenye unasema kinazuia ugonjwa wa mimea kiko chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, sura ya 346, kwa hivyo majaribio ya shamba na mauzo ni lazima PCPB, bodi inayosimamia hizo bidhaa, ijue. Usimpe mkulima chupa ya kujaribu kienyeji hata akikuomba kwa roho safi.

Shambani gawanya bloku nne, kila bloku iwe na vikundi vyote kwa mpangilio wa kura, acha mistari ya pembeni usiipime. Fanya sehemu mbili tofauti, kwa mfano Narok na Timau, na misimu miwili, kwa sababu msimu mmoja wa mvua nzuri unaweza kuficha ugonjwa wote. Hesabu miche wiki ya pili, chimba mimea 20 kila kipande wakati wa kutoa suke upige alama mizizi, na mwisho pima magunia. Mwandikie mwenye shamba matokeo yake kwa lugha anayoelewa kabla hujaandikia jarida, pamoja na bei ya kupaka mbegu kwa ekari ukilinganisha na dawa anayonunua sasa.